Viatu vya Persis Mkononi

Kila Sabato Persis Nyanchama alikwenda kanisani miguu mitupu, viatu mkononi. Akifika kwenye kijito kilicho chini ya kanisa letu alinawa miguu, akaikausha kwa ncha ya leso, ndipo akavaa viatu. Hata mumewe Obadiah alipomnunulia jozi ya pili hakuacha.

Mimi na wao tulihamia upande wa Nyansiongo mwaka uleule, 1965, mashamba ya walowezi yalipogawanywa. Wao walitoka Mosocho, mimi nilitoka chuo cha ualimu. Kanisani kwetu, kila robo mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, wanawake huoshana miguu wawili wawili. Mwenzangu tangu mwanzo alikuwa Persis. Kwa miaka minne niliishika miguu yake mikononi mwangu.

Mwaka 1969 alianza kupepesuka. Asubuhi alichuma chai akiwa mzima kabisa, lakini jua la mchana likipanda ulimi ulimlemea na miguu ikaenda inakotaka. Wanawake wa kituo cha kupimia majani wakamtania, "Persis, hiyo chai unaichuma au unaikanyaga?"

"Shamba hili la mzungu bado halijanizoea," akawajibu.

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Ikaanza kusemwa kwamba kabla ya saa sita huwa amepitia kwa wapika pombe. Halafu Sabato moja aliingia kanisani na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kimemvuka akipanda kutoka kijitoni, asijue. Kwa watu wetu, ambao hata kahawa hawanywi, hilo lilitosha.

Baraza la kanisa likamwita. Mimi ndiye niliyekuwa karani. Persis alisema hajawahi kuonja pombe, lakini ilikuwa mchana na maneno yalimtoka yakiburuzika. Mzee Manasseh akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenzake. Umewahi kusikia harufu ya pombe kwake?"

Sikuwahi. Nilijua pumzi yake: maziwa na viazi vitamu. Lakini watu walikuwa wameanza kuniuliza ninaoshwa miguu na nani, na niliogopa jina langu lisije likatajwa pamoja na lake.

"Sijawahi kumkaribia kiasi hicho," nikasema.

Persis alinitazama. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba jina lake limefutwa katika kitabu cha kanisa.

Aliendelea kuja, kwa fimbo sasa, akikaa benchi la nyuma. Siku ya Meza ya Bwana alibaki pale peke yake, nasi tukienda na mabeseni yetu. Nilioshana na mwingine.

Mwaka 1973 Obadiah alimpeleka hospitali Nairobi, akarudi na barua ya daktari, ya Kiingereza. Aliniletea mimi niisome. Sikuielewa yote, nikaipeleka mjini Kisii kwa binamu yangu Momanyi, aliyekuwa daktari. Aliisoma mara mbili, akaenda nyuma ya nyumba, akakata kipande cha mgomba na kuanza kukibandua, ganda baada ya ganda.

Alisema kwamba ndani ya ubongo, mbali na seli zinazotuma habari, kuna seli nyingine za kuzisaidia. Kazi ya baadhi yake ni kutengeneza mafuta na kuyazungushia nyuzi za fahamu, tabaka juu ya tabaka, kama mgomba ulivyojifunga. Mafuta hayo ndiyo yanayoiwezesha habari kufika mguuni upesi. Kwa Persis yalikuwa yakibanduka. Nikamwambia kwamba Obadiah humlisha siagi kila siku. Akatikisa kichwa: seli hizo hujitengenezea mafuta yake palepale, na siagi ya mezani haiwezi kuziba pengo hilo.

Nikauliza kuhusu jua. Akasema uzi uliovuliwa mafuta hushindwa zaidi penye joto. "Mlevi hapati nafuu kwa kukaa kivulini, dada," akaongeza. Hakujua alichokuwa ananiambia.

Ningeweza kuisoma barua ile kanisani Sabato iliyofuata. Niliiweka ndani ya Biblia yangu miezi saba, kwa sababu kumsafisha Persis kulimaanisha kusema nilichofanya mimi. Niliposimama hatimaye nikaisoma, baraza halikuchukua hata dakika kumi kumrudisha. Wakati huo Persis alikuwa hatembei tena.

Ijumaa kabla ya Meza ya Bwana nilichukua beseni nikaenda kwake. Viatu vyake vilikuwa juu ya sanduku, vimepanguswa. Nilimwambia jina lake limerudi, nikamwambia pia kwamba nilidanganya. Nilipasha maji, nikaiweka miguu yake ndani, nikaiosha nikiwa nimeinama nisimwone uso. Alifariki siku chache baadaye, kabla sijarudi kwake. Aliyoniambia mwisho ni yale ya pale kwenye beseni, taratibu, neno moja moja.

"Maji ni ya moto au ya baridi? Mimi siyasikii. Niambie wewe, mwalimu, nitakuamini."