Sweta Mbili Juani, Kyela

Jamani, leo saa saba mchana nimesimama juani hapa Kyela nimevaa sweta mbili, koti, buti na kofia ya sufu.

Na siumwi!

Kesho tunapanda kwa miguu kutoka Matema hadi Kitulo. Chini joto, juu baridi kali. Kiongozi wetu kasema begi likizidi kilo kumi, mwenyewe unabaki.

Nimepanga wiki nzima, kwa orodha. Leo nikalipima kwenye mizani ya kakao ya jirani.

Kilo kumi na tatu!

Nikafungua. Chini kabisa, mchele.

"Mama, huu wa nini?"

"Utafikaje kwa watu mikono mitupu? Watasema umetoka Kyela gani isiyo na mchele?"

"Mama, tunalala kwenye hema!"

"Kwani hema halina majirani?"

Nikaanza kuutoa. Mama akanuna. (Semeni ukweli, nyinyi mngeutoa?)

Nikaurudisha, nikavaa nguo zote za baridi, nikapima tena.

Kilo kumi kamili! Nikarukaruka, jasho linatiririka.

Bibi mmoja mpita njia akasimama, akanionea huruma. "Pole, mwanangu. Homa?"

Mama akawahi kumjibu, kifua mbele:

"Hana homa. Anapeleka mchele Kitulo."