Debe la Pili

Wiki iliyopita, nje kidogo ya Eldoret, nilimkuta bwana afya wa Kizungu akitafuta mahali pa kuchimba shimo la maji machafu ya shule. Alichimba kishimo kwenye udongo mweusi uliopasuka kwa kiangazi, akamwaga debe la maji, akatoa saa yake apime yatazama upesi kiasi gani. Maji yakazama kabla hajaisoma.

"Mzuri sana!" akapiga makofi. "Chimba hapa!"

Mama mmoja, fundi wa kukandika nyumba, alikuwa akitoka kisimani bondeni na debe kichwani. Alicheka mpaka maji yakamlowesha mabega.

"Bwana, hii udongo iko na kiu tu. Wacha ishibe kwanza."

Akamimina debe lake kishimoni. Tukangoja. Maji yalitulia kama ya beseni, na bwana afya akainama akauona uso wake mwenyewe.

"Ikijaa hivi," mama akasema, "uchafu inateremka kwa kisima yetu. Chimba kule kwa udongo nyekundu."

Bwana afya akavua kofia, akacheka kuliko sisi sote, akahamisha jembe.

Nami sasa, ukinisifia karani mpya kwa ukarimu wa siku yake ya kwanza, nitakuuliza kama umeshamwaga debe la pili.