Tatu ya Mwalimu Wangu

Mwaka nilipopata diploma ya kumaliza sekondari, mtaa wetu wa Kalemie ulinimwagia poda mpaka nikawa napiga chafya nikilala. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Matokeo ya mtihani wa Taifa yakiingia kwenye simu, na simu ikisema umepita, huna tena mamlaka juu ya kichwa chako. Majirani, shangazi, watu wasiojua hata ulisomea nini, kila mmoja anatokea na kikopo chake cha poda ya watoto. Nilikuwa nimepata asilimia sitini na nne. Najua wageni wakisikia hivyo wananipa pole. Kwetu walikuja hadi watu wa ng'ambo ya mto Lukuga kunitazama, na mmoja aliniomba nimshike mwanawe kichwani ili naye apate akili.

Nilitembea na sitini na nne yangu kifua mbele hadi siku nilipofungua ukurasa wa chuo kimoja cha Kanada kinachofundisha kwa Kifaransa. Nilitaka kusomea maji. Ziwa letu lilipopanda na kuingia sebuleni kwa shangazi yangu, lilikaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, wengine wakitaja dhambi, wengine wakitaja mvua, lakini hakuna aliyeweza kumwambia shangazi litashuka lini. Nikatamani niwe mtu wa kumjibu. Chuo kile kilifundisha mambo hayo, na kilikuwa na nafasi chache za ufadhili kwa wanafunzi wa nje. Kuhusu alama, kiliandika kwa upole kwamba kinapendelea wenye asilimia themanini kwenda juu.

Themanini. Katika shule yetu hakuna aliyewahi kuiona. Nadhani hata walimu waliisikia tu.

Nilituma maombi hata hivyo, maana nikikasirika huwa sisikii. Mama, ambaye anauza mikebuka sokoni na anawajua samaki wa ziwa hili kuliko anavyowajua wakwe zake, aliniuliza swali moja tu.

"Unaenda kusoma maji kwa watu ya baridi, na ziwa iko hapa mbele ya mulango?"

"Umuache mutoto ajaribu," Papa akasema. Yeye ni mtu wa reli, anapokea mizigo inayotoka Kabalo pale stesheni. "Wakikataa, si atabaki hapa hapa?"

Mama akasema ni kweli, akaendelea kupara samaki wake.

Chuo kilitaka mwalimu aliyenifundisha aseme neno juu yangu. Nikampa jina la mwalimu wa hesabu, kwa sababu alinifundisha miaka mingi na kwa sababu, nilidhani mimi, alinipenda. Huyu ni mwalimu anayeamini kwamba alama kamili hazikuumbiwa binadamu. Ukipata jibu sahihi anakata nusu alama kwa kuwa mstari umeuchora bila rula. Ukichora kwa rula anakuuliza mbona wino umevuja. Chuo kilimtumia maswali kwenye simu yake: mwanafunzi huyu ana bidii kiasi gani, ana fikra kiasi gani, kila swali alijibu kwa namba, moja hadi tano. Kwingine mambo haya ni siri. Yeye alinionyesha simu yake palepale uwanjani mwa shule, akitabasamu kama mtu aliyekuletea zawadi. Tatu. Tatu. Tatu. Kutoka juu hadi chini, tatu.

"Mwalimu, umenipa tatu juu ya tano?"

"Njo vile," akajibu, yaani ndivyo hivyo. "Nilifikiri sana. Wewe ulitaka ngapi?"

"Tano."

Akavua miwani. "Tano tutamupa nani? Mimi mwenyewe nikijipima, siwezi kujipa tano."

"Basi ine."

"Ine ya nini? Mwaka wa tano ulisahau alama ya kutoa, hesabu yote ikapinduka. Ulifikiri nimesahau?"

Hakuwa amesahau, na alikuwa ameshatuma.

Nilirudi nyumbani nikipiga teke kila kopo lililokuwa njiani. Nilipowasimulia, Papa alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka. Alinivutia kigoda karibu na jiko, akanipakulia samaki mkubwa kuliko wa Papa, jambo ambalo nyumbani kwetu halitokei bila sababu.

"Usimukasirikie ule mwalimu," aliniambia. "Njo muntu wa kweli."

Nilidhani ananifariji, nikala.

Baadaye chuo kikaandika kwamba wangependa tuonane kwa video, kwa kuwa katika maombi yangu kulikuwa na vitu wasivyovielewa. Nyumbani kwetu mtandao unakuja unapojisikia, kwa hiyo Papa alinipeleka kwenye biro yake, yaani ofisi, pale stesheni, ambako kuna dirisha moja linaloshika vizuri. Akasimama mlangoni kuzuia watu, na kila aliyezuiwa alielezwa sababu, kwa hiyo mwisho wakawa watu kumi hivi nje ya dirisha, wamenyamaza, wakisikiliza Kifaransa changu. Treni ya mizigo, ambayo inaweza kupotea muda mrefu hadi tukaanza kuisahau, ilichagua saa ile ile kuingia. Ikapiga honi ndefu. Mama mmoja wa chuo, mwenye nywele nyeupe, aliuliza kama kuna hatari. Nikamwambia hapana, ni kazi ya baba yangu imefika.

Ndipo akauliza. Alama zangu zilikuwa chini ya kawaida yao, na mwalimu wangu mwenyewe alinitaja kama mwanafunzi wa katikati. Nilikuwa na la kusema?

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo: mwalimu yule ni mzee, ni mgumu, msimsikilize. Lakini yule mama alisema "wa katikati" kwa huruma, na huruma ile ilinichoma. Nikajikuta nawaka.

"Hajasema mimi ni wa katikati," nikamwambia. "Amesema tatu. Ninyi mnaipima tatu yake kwa rula yenu. Mwulizeni kwanza nani mwingine angempa tatu."

Nje ya dirisha mtu mmoja alipiga makofi. Papa akamfukuza. Mimi niliketi pale nikijua nimeharibu kila kitu, maana nani humjibu hivyo mtu anayemwomba nafasi?

Kumbe walimwuliza kweli. Niliposikia hivyo nilikimbilia shuleni, nikamkuta mwalimu anasahihisha kazi za watoto, kalamu nyekundu mkononi, rundo lote likiwa limeshapata mateso.

"Wazungu yako waliniandikia," akasema bila kuinua kichwa. "Waliuliza, kwa wanafunzi wote niliwafundisha, ningewapa wangapi zaidi ya tatu. Nikajibu hakuna. Wakauliza wangapi ningewapa tatu."

"Ukajibu nini?"

"Nikajibu wewe."

Akakata nusu alama ya mtoto fulani. Nilitaka kumkumbatia, lakini si mtu wa kukumbatiwa. Nikamshukuru kwa mbali.

Jibu la chuo liliingia Jumamosi, Papa akiwa kazini na Mama akikaanga samaki nyuma ya nyumba. Nililisoma nimesimama, kisha nimeketi. Walikuwa wamenikubali, na ufadhili wamenipa. Nilitoka nje nikipiga kelele, namtafsiria Mama neno kwa neno: ninaondoka kabla ya baridi kuanza, watanipokea uwanja wa ndege, nitasoma miaka minne.

Mama aligeuza samaki. "Waliona ile tatu?"

"Waliiona, Mama. Na njo ile tatu imenipitisha."

Alimtoa samaki mmoja, akamweka kwenye sahani. Kisha akasema, polepole, kama anayemsema mtu mwingine: "Na mimi njo nilikuwa naitegemea."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, niliishusha simu. Nikamkumbuka alivyonisikiliza siku zote hizo akiwa mtulivu, mchangamfu hata, kila habari mbaya ikimwongezea hamu ya kupika, na mimi nikadhani ananitia moyo.

"Mama, uliniombea nikose?"

"Hapana." Alipunguza moto, akafuta mikono kwenye kitenge, kwanza mmoja, halafu mwingine. "Sikuomba wakukatalie. Niliomba tu wakawie."