Hapana, Afande

Nilizaliwa katika kambi ya polisi, nikalelewa na sajenti. Kwa baba yangu kila swali lilikuwa na jibu moja. Umekula? Ndiyo, afande. Umeshiba? Ndiyo, afande, hata kama sufuria ilikuwa tupu kabla zamu yangu haijafika. Sasa amestaafu, ninaishi naye Kyebando, hapa Kampala, na daktari amemkataza sukari. Daktari ni mtu jasiri, lakini haishi na sisi. Mzee akisema "Jaza sukari," mimi, mama wa watoto wakubwa, hujaza huku moyo ukiniuma.

Nilishona nguo Kasubi miaka mingi kwa cherehani ya miguu, hadi shule zikaanza kutaka sare zenye nembo iliyodariziwa kwa kompyuta. Wateja wakanikimbia. Nikajiandikisha katika kituo cha teknolojia cha chuo kimoja Wandegeya, nijifunze mashine hizo, maana bila kazi mpya tungelala njaa.

Nikakuta karibu darasa zima ni watu wa kambi: wajane wa polisi, wanajeshi wastaafu, wake wa askari magereza. Mwalimu alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Siku ya kwanza alieleza mambo ya mashine, kisha akauliza, "Mmeelewa?"

"Ndiyo, afande!" tukanguruma, hadi kalamu ikamponyoka.

Hakuna aliyeelewa kitu. Akiuliza kama kuna swali, kimya. Kwetu kuuliza swali ni utovu wa nidhamu. Maskini akaamini kwamba anafundisha vizuri, akaongeza kasi. Tulichojua tulikipata kwa kuchunguliana.

Jambo moja alilirudia kila asubuhi: kinga ya plastiki iliyo mbele ya sindano haitolewi mashine ikiwa inafanya kazi, hata aje nani.

"Ndiyo, afande!"

Mwisho wa kozi akaja mama mmoja wa Nairobi, mwenye kiwanda cha sare hapa Kampala, kuchagua wafanyakazi. Tuliwasha mashine, naye akapita nyuma yetu, mikono mgongoni, kama mkaguzi wa gwaride.

"Hizi kinga zinawachelewesha," akasema. "Toeni, na mashine ziendelee."

Sasa, kambini amri ya mwisho ndiyo amri. "Ndiyo, afande!" darasa likaitikia, na kinga zikaanza kung'oka huku na huku. Mwalimu alijishika kichwa.

Mkono wangu nao ulikuwa umeshafika kwenye kinga. Lakini kidole changu cha shahada kiliwahi kushonwa na cherehani pale Kasubi, na kidole hakisahau. Kikagoma. Nikafungua mdomo kuitikia kama wenzangu, nikausikia ukisema, "Hapana, afande."

Darasa zima likageuka. Nikaiona kazi ikitoka mlangoni.

"Umesema?" yule mama akauliza.

"Hapana, afande. Labda tuzime mashine kwanza."

Akanitazama, kisha akacheka. "Wewe utaanza Jumatatu. Hawa wengine, mwalimu, kaa nao tena. Mimi nataka mafundi wenye vidole."

Nyumbani nilimkuta mzee kwenye kiti chake.

"Kazi umepata?"

"Ndiyo, afande."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia hapana."

Akakunja uso. "Siku hizi mtu anasema hapana, anapewa kazi?"

"Ndiyo, afande."

"Dunia imeharibika. Lete chai. Jaza sukari."

Nikaleta chai. Akaonja, akashusha kikombe taratibu, akatumia ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha kambi nzima. "Sukari iko wapi?"

Nampenda mzee huyu, ila siku zote woga ulitangulia mapenzi. Siku hiyo nilitaka tu aendelee kuishi.

"Hapana, afande," nikasema.

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Nilisubiri radi. Mzee akanyanyua kikombe, akanywa, akakunja uso, akameza.

"Ndiyo, afande," akasema.