Miguu ya Baba, Miguu ya Panya

Nilidhani hakuna jambo duniani la kunishangaza tena. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba magunia ya kahawa mgongoni pale Bwera, mpakani na Kongo, na leo nina maghala mawili, moja Bwera, lingine mjini Kasese. Wenye digrii wananiandikia stakabadhi. Basi nilipoanza kuburuta miguu nilisema ni uchovu, mtu amefanya kazi. Magoti yakakakamaa, viatu vikalika mbele, kwenye vidole.

Baba yangu alitembea hivyo hivyo mpaka akafa. Kwetu mlimani, Mahango, miguu ya namna hiyo ina jibu moja: umetegewa dawa njiani, ukairuka. Nami nilijidai kumjua aliyetega. Ni mke mdogo wa baba. Baada ya mazishi nilimfukuza kwenye shamba lake la kahawa, nikaliuza. Akashuka Rukoki, akapanga chumba, akauza maparachichi.

Binti yangu ninamsomesha chuo kikuu, na kazi yake huko, usicheke, ni panya wa maabara. Alikuja likizo, akanitazama nikivuka ua.

"Baba, yule baba yake babu alitembeaje?"

"Hivi hivi. Kwa fimbo mbili."

"Na bibi wa Rukoki alikuwa ameshaolewa kwetu?"

"Alikuwa hata hajazaliwa," nikasema.

Akanieleza kwamba ndani ya mishipa ya fahamu mna vijibomba ambavyo jicho haliwezi kuviona, na ndivyo njia ya mizigo inayokwenda mpaka miguuni. Kuna jeni tunayorithi kwa wazazi, kazi yake kutengeneza mkasi wa kuvikata.

"Kukata bomba si kuharibu?"

"Baba, kahawa ikizeeka unaifanyaje?"

"Ninakata shina. Yanatoka machipukizi matatu."

"Ndivyo. Vile vipande vinaota vijibomba vipya. Panya tukimwondolea jeni hiyo, mishipa inavimba, mizigo inakwama, mwendo unaharibika. Na sisi watu tunayo."

Damu yangu ikapimwa. Majibu yakasema mkasi wangu ni mbovu tangu kuzaliwa. Dawa ya kuponya hakuna, ni mazoezi tu.

Kwetu, ukimsingizia mtu uchawi, neno hilo huliondoi kwa simu. Unakwenda mwenyewe, mchana, majirani wakisikia. Nikashuka garini Rukoki, nikajivuta hadi kwenye meza yake ya maparachichi, mbuzi wa kumwombea radhi nyuma yangu kwenye kamba. Watu wakasimama kutazama.

"Karibu, tajiri," akasema. "Nani amekufunga miguu, na mimi niko huku?"

"Hakuna mtu, mama mdogo. Ni ya ukoo. Wamejua kwa panya."

"Panya ndiyo imekuambia? Mimi nilikuambia na mdomo yangu, pale kaburini, ukaniita mchawi. Panya, huyo umeamini!"

Majirani wakacheka. Nilikuwa nimechoka, natamani kukaa. Hakunipa kiti.

"Nisamehe, mama mdogo. Nilikusingizia."

"Sema na nguvu, yule wa ng'ambo ya barabara hajasikia."

Nikasema kwa nguvu.

"Sawa. Mbuzi rudisha. Mimi nataka kahawa yangu."

Nikapanda Mahango kwa aliyelinunua shamba. Alikuwa ameshajua shida yangu; habari hupanda mlima haraka kuliko mimi. Mimi, ninayepatana bei na Wakongo mpaka wanatoa jasho, sikuwa na nguvu ya kubishana. Nililiuza laki tisa. Kulirudisha mikononi mwa mama mdogo, pamoja na karatasi za mwenyekiti wa kijiji, shilingi milioni kumi na moja, laki mbili na elfu arobaini na tano.