Njia za Mkato za Mkunga

Mkunga alipostaafu, jambo lililomkaa rohoni lilikuwa moja: kuwaandikia wakunga wachanga yote aliyojifunza kwa miaka thelathini na minne. Lakini macho yalikuwa yanamtupa mkono. Daktari alimwambia bila kuficha kwamba baada ya mwaka huenda asisome tena.

Kila asubuhi akaketi mbele ya kompyuta. Kuandika hakukumshinda, kilichomtoa jasho ni ule mshale wa kwenye skrini. Anasukuma kipanya huku, mshale umekwenda kule, naye pua inakaribia kugusa kioo. Kurasa mbili tu, na asubuhi imekwisha.

Wifi yake, mke wa kaka yake, katibu muhtasi mstaafu, alikuja kumjulia hali akamkuta hivyo.

"Wifi, unatafuta nini humo, chawa?"

"Mshale."

"Achana nao. Lete mkono."

Akavuta kiti, akashika kidole kidogo cha kushoto cha Mkunga, akakilaza kwenye pembe ya kibodi, juu ya kitufe cha kontroli. "Shikilia hapa, gusa S, kazi imehifadhiwa. Gusa Z, ulichoharibu kinarudi. Njia za mkato hizi, hazihitaji macho."

"Na nikisahau S ilipo?"

"Umegeuza watoto tumboni bila kuwaona, ushindwe na S?"

Mkunga akacheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo wifi alikuja kila Jumanne, na kurasa mbili zikawa saba.

Siku moja Mkunga aliteleza kidole, sura nzima ya mapacha ikafutika. Akampigia wifi simu.

"Umegusa kitu kingine?"

"Hata kupumua sijathubutu."

"Basi kontroli na Z."

Vitufe vikalia. Kisha pumzi ndefu. "Wamerudi wote wawili."

Kitabu kilikamilika, lakini kilipochapwa herufi kwake zilikuwa ukungu mtupu. Wifi akamsomea, siku nne mfululizo, sebuleni. Siku ya tatu akafika kwa mama aliyekaa na uchungu siku mbili, na mkunga aliyetoka nje akalia, akanawa uso, akarudi akitabasamu.

Wifi akaweka kidole kwenye mstari huo.

"Huyu mama ni mimi."

"Ni wewe."

"Hukuniambia kama uliogopa."

"Ningekuambia, ungesukuma vipi?"

Wifi akajifuta mashavu kwa kiganja, akamsogelea mpaka mabega yakagusana, akafungua ukurasa uliofuata.