Baiskeli ya Baba Chini ya Rangi ya Geti

Baba alipougua, rafiki yake waliyefanya kazi pamoja bandarini alikuja kwetu Chaani kuazima baiskeli. Baba akampa. Baada ya matanga mama akaiulizia, akaambiwa imeibwa Likoni. Mama akampa pole. Mjane, kaburi la mumewe halijakauka, ndiye aliyetoa pole. Hilo linanichoma mpaka leo.

Miaka ikapita, nikaolewa Bombolulu. Mwaka jana nilikwenda Chaani kumjulia hali shangazi, nikaona baiskeli ya buluu, buluu ile ya kupakia mageti, imeegemezwa ukutani kwa yule rafiki wa baba, sasa mzee, madumu ya maji yamefungwa nyuma. Ningeipita tu. Kilichonisimamisha ni karia, kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo. Baba aliiunda mwenyewe kwa nondo, mguu mmoja akaukata mfupi kwa bahati mbaya, akauungia kipande cha bomba. Kipande kilikuwa pale pale.

Nilipiga hodi, nikamwamkia mzee shikamoo. Nilipomuuliza, akasema aliinunua kwenye jaa la Mwakirunge kwa waokota vyuma, na kwamba baiskeli za zamani zote zinafanana. Nikamwomba tuipindue. Chini ya fremu, pale pedeli zinapopitia, baba aligonga nukta tatu kwa msumari, moja kwa kila mtoto wake. Nikakwangua buluu kwa ufunguo wa nyumba yangu, mbele ya macho yake, mpaka nukta zikatokea.

Mzee akageuza uso. Mkewe, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyesema, "Mpe mtoto wa watu mali ya babake."

Nikayashusha madumu, nikaipakia baiskeli kwenye tuktuk.

Fundi wa jirani yetu alitaka kuipiga msasa yote na kuipulizia rangi mpya, iwe kama ya dukani. Nilikataa, na nadhani nilimkaripia bila kosa lake. Hasira haikuwa yake. Nikaifanya kazi mwenyewe, uani, kwa kitambaa na thina ya kuyeyushia rangi, kidogo kidogo, nikiacha kila nilipoona weusi wa rangi yake ya kwanza. Chini ya buluu ulikuwamo mstari wa dhahabu, na mahali palipong'aa kwa kusuguliwa na suruali ya baba. Hapo sikupagusa. Kutu niliipaka mafuta tu. Fundi akabadilisha matairi na raba za breki, vingine vyote tukaviacha.

Majuzi nilikwenda nayo harusini, nikakutana na mzee. Watu walikuwa wakiisifu baiskeli, naye akanishika mkono akitabasamu.

"Unaona, mwanangu," akasema, "nilikutunzia."

Nikauvuta mkono wangu. Nikamwambia, "Mama alikupa pole, mzee. Mrudishie."

Shangazi alinilaumu njia nzima, eti mtu mzima haambiwi hivyo mbele za watu. Lakini mzee hajaenda kwa mama kumrudishia pole yake, na mimi sijatulia.